Tingatinga: Mchoraji wa rangi ya baiskeli aliyewatangulia wahuishaji

KIJANA wa Lopur, wadi iliyo jirani na mji wa Kakuma katika Kaunti ya Turkana, akitaka kujifunza uhuishaji, yaani ile sanaa ya kuitia michoro mwendo kwa tarakilishi, hana budi kujifundisha mengi peke yake. Nairobi, kwenye studio na vyuo vya kazi hiyo, ni safari ya mamia ya kilomita kupitia Lodwar na Kitale. Riziki ya kila siku nayo haimngoji: kuna mifugo, kuna duka, kuna vibarua. Saa ya kuchora ni ile inayosalia jioni, iwapo simu au tarakilishi ya kuazima bado ina chaji.

Vifaa, hata hivyo, havikosekani kabisa. Zipo programu za uhuishaji zinazotolewa bila malipo. Mojawapo ni Blender, ambayo muasisi wake, Mholanzi Ton Roosendaal, aliikomboa kutoka mikononi mwa wafadhili wa kampuni yake mwaka 2002 baada ya watumiaji kuchanga yuro 100,000, na tangu hapo ikawa programu huria. Kinachokosekana mara nyingi ni mfano wa kuigwa. Kijana hujiuliza, au huulizwa na wazee wake, iwapo mtu asiyesomea sanaa, mwenye kazi nyingine ya kumlisha, aweza kuanza kuchora kwa kujifurahisha na akafika popote.

Jibu la swali hilo limo katika maisha ya mtu aliyefariki dunia mwaka 1972 bila kuwahi kugusa tarakilishi. Huyo ni marehemu Edward Saidi Tingatinga wa Tanzania. Alianza kuchora akiwa mtu mzima wa miaka 36 hivi, akachora kwa takriban miaka minne tu, kisha akauawa. Miaka 38 baada ya kifo chake, wanyama waliochorwa kwa mtindo wake walianza kutembea, kucheka na kuzungumza katika runinga za ng'ambo, na kazi hiyo ya kuwatia uhai ilifanyiwa papa hapa Nairobi.

MWANA WA TUNDURU

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Namochelia, wilayani Tunduru, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo, si mbali na mpaka wa Msumbiji. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kawaida. Babake alikuwa Mngindo na Mwislamu, ilhali mamake alikuwa Mmakua na Mkristo, na majina yake mawili ya kwanza yalibeba dini hizo mbili bila kugombana. Jina la ukoo ndilo lililowachekesha wengi baadaye, kwani kwa Waswahili wengi tingatinga ni ile mashine kubwa ya kulimia au ya kusukuma udongo.

Tunduru ya enzi hizo ilikuwa nchi ya misitu, mashamba madogo na wanyama wa porini. Tembo walivamia mihogo, chui walinyemelea mbuzi, nao watoto walikua wakisikia hadithi za sungura na kobe jioni kando ya moto. Elimu ya darasani aliyoipata ilikuwa ya msingi tu. Wala hakuwahi kukutana na mwalimu wa sanaa, awe wa shule ama wa kanisa, tofauti na wachoraji kadhaa wa Afrika Mashariki wa kizazi chake waliopitia Chuo cha Makerere nchini Uganda na kurejea makwao na shahada.

Kama vijana wengi wa kusini, Tingatinga aliondoka kwao kwenda kutafuta maisha. Katika miaka ya 1950 alielekea Tanga, kaskazini mashariki mwa nchi, ambako mashamba makubwa ya mkonge yaliwameza maelfu ya vibarua kutoka kila pembe ya Tanganyika na hata nje ya mipaka yake. Mkonge ulikuwa ndio uti wa mgongo wa uchumi wa koloni hilo. Kazi ya kuukata ilikuwa ngumu na malipo yake hafifu, na aliyeweza kutoka alitoka.

Mwishoni mwa mwongo huo alihamia Dar es Salaam na kuajiriwa kazi za nyumbani na bustani kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa mtumishi wa serikali. Nyakati za mapumziko alijishughulisha na muziki. Wakati wageni walipoanza kufunga virago baada ya uhuru wa Tanganyika, uliopatikana Desemba 9, 1961, ajira za namna hiyo zilipungua, na Tingatinga akajikuta miongoni mwa wengi waliohangaika mjini kutafuta kibarua cha leo na cha kesho. Makazi yake yalikuwa Msasani, ambayo wakati huo ilikuwa na sura ya kijiji kuliko ya mtaa wa jiji. Jirani yake ilikuwa Oyster Bay, mtaa wa mabalozi, wataalamu wa kigeni na vigogo wa serikali. Ujirani huo wa hohehahe na mwenye nacho ndio uliokuja kuyabadilisha maisha yake.

RANGI YA BAISKELI

Inasimuliwa kuwa katika miaka hiyo Dar es Salaam ilikuwa na wachuuzi wa michoro kutoka Kongo, ambao picha zao za mandhari ziliuzwa kwa wageni mitaani. Tingatinga alizitazama, akaona watu wakizinunua, na akaamua kuwa hata yeye angeweza kujaribu. Mwaka 1968 ndipo alipoanza. Hakuwa na turubai, wala hakuwa na zile rangi za wachoraji zinazouzwa katika vijibomba na kuagizwa kutoka Ulaya.

Alichokuwa nacho ni kile kilichouzwa katika duka la vifaa vya ujenzi. Alichukua mbao nyembamba zinazotumiwa kutengenezea dari, akazikata vipande vya mraba, akavipaka rangi ya mafuta inayong'aa, ile ambayo mafundi huitumia kupakia baiskeli. Rangi hiyo ni nzito, hukauka polepole, na haikubali kuchanganywa kwa wepesi ili kupata vivuli na mabadiliko madogo ya mwanga. Aliyezoea mafunzo ya chuo angeilalamikia. Yeye aliikubali jinsi ilivyo, na ukaidi wa rangi ndio uliomzalia mtindo.

Kwanza aliupaka ubao mzima rangi moja, labda nyeupe, njano au samawati, akauacha ukauke. Kisha katikati yake alimweka mnyama mmoja au ndege mmoja, mkubwa, aliyejaa ubao karibu wote: tembo, chui, kiboko, swala, tausi. Mwili aliupaka rangi tambarare bila kivuli. Mipaka ya mwili aliiacha wazi na dhahiri, hivi kwamba hata mtoto angeweza kuifuata kwa kidole. Mwisho alinakshi kwa madoa, mistari na nukta. Hapakuwa na upeo wa mbali, wala milima iliyofifia nyuma, wala jua lililopiga upande mmoja wa mnyama na kuuacha mwingine gizani.

Wataalamu wa sanaa waliozoea vigezo vya Ulaya hawakukosa kuiona kazi hiyo kama mchezo wa mtu asiyejua. Hata hivyo, wateja waliipenda. Tingatinga alizipeleka picha zake nje ya maduka ya Morogoro Stores huko Oyster Bay, ambako wageni walienda kununua mahitaji yao ya nyumbani. Mkewe alishiriki katika uuzaji. Mteja aliyeingia kununua mboga na mkate alitoka na chui chini ya kwapa.

Ni muhimu kukumbuka kuwa haya yote yalianza kama shughuli ya pembeni. Hata picha zilipoanza kununuliwa, Tingatinga hakuiacha ajira. Alipata kazi katika Hospitali ya Muhimbili, na uchoraji ukabaki kuwa wa saa za baada ya kazi. Leo tunapolitaja jina lake pamoja na majina makubwa ya sanaa barani, ni rahisi kusahau kwamba katika miaka ile minne alikuwa pia mwajiriwa wa hospitali aliyechora akirudi nyumbani.

SHULE BILA DARASA

Biashara ilipochangamka, Tingatinga alifanya jambo ambalo mafundi wengi hulikwepa kwa kuhofia washindani. Aliwaita jamaa zake na kuwafundisha. Miongoni mwa wanafunzi wa kwanza walikuwa January Linda, Adeusi Mandu, Ajaba Abdallah Mtalia, Kasper Tedo na nduguye, Simon George Mpata. Wengi walikuwa watu wa kusini kama yeye, waliofuata njia ileile ya kutoka kijijini kwenda jijini bila cheti chochote cha kujivunia.

Mafunzo yenyewe hayakuwa na kitabu. Mwanafunzi aliketi kando ya fundi, akapaka usuli wa ubao, akajaza rangi mahali alipoonyeshwa, akatia madoa, hadi siku mkono wake ulipotulia akaruhusiwa kuchora mnyama wake mwenyewe. Ni utaratibu uleule wa mafundi seremala, wafua vyuma na washonaji wa kofia za pwani: jicho hutangulia, mkono hufuata, na maelezo huja mwisho iwapo yatahitajika.

Shirika la umma lililoshughulikia sanaa nchini Tanzania nalo lilianza kuzinunua na kuzitafutia soko picha hizo. Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali ikihimiza kujitegemea na kuthamini vya nyumbani. Mtu aliyejifunza kuchora kwa mbao za dari alikuwa kielelezo halisi cha siasa hiyo, ingawa yeye mwenyewe hakuwa akihubiri siasa yoyote.

USIKU WA KIFO

Mambo yalikuwa yameanza kumnyookea. Alikuwa na mke na watoto wawili wadogo, wanafunzi waliomheshimu, na wateja waliomtafuta. Ndipo mwaka 1972, jijini Dar es Salaam, akiwa ndani ya gari usiku, alipopigwa risasi na polisi waliowadhania waliomo kuwa wezi waliokuwa wakitoroka. Tingatinga hakuwa mwizi. Jeraha hilo likawa la mauti, naye akafariki akiwa na umri wa takriban miaka 40.

Hakuacha mali ya kutajika. Hakuacha daftari lililoorodhesha kazi zake, aliyeinunua kila moja, wala bei yake. Picha zake nyingi zilikuwa zimekwisha kuondoka nchini katika masanduku ya wageni waliorejea kwao. Katika miaka iliyofuata, jina lake lilipopanda thamani, picha za bandia zilizotiwa sahihi yake zilianza kuzagaa sokoni, na wataalamu wamelazimika kufanya kazi kubwa ya kutenganisha mkono wake na mikono ya waigaji. Mchoraji aliyeishi miaka minne tu ya sanaa amejikuta, akiwa kaburini, na michoro mingi kuliko ile aliyoichora akiwa hai.

Wanafunzi wake hawakutawanyika. Waliunda ushirika, wakaendelea kuchora na kuuza palepale alipopazoea mwalimu wao, na mwaka 1990 wakaanzisha rasmi chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga. Kila mmoja aliwafundisha wengine, na hao wakawafundisha wengine, mpaka jina la mtu likageuka kuwa jina la mtindo, na mtindo ukawa kazi ya mamia ya watu. Mwanawe, Daudi Tingatinga, naye ameshika brashi.

Kenya pia ilipata fungu lake. Simon George Mpata alivuka mpaka na kuja kuchora Nairobi, na kazi zake zikawavutia sana Wajapani. Hoteli ya kitalii ya Mpata Safari Club iliyo juu ya ukingo wa Maasai Mara imebeba jina lake hadi leo, ingawa watalii wengi wanaolala humo huenda hawajui kwamba jina hilo lilikuwa la kijana wa Kitanzania aliyefundishwa kuchora na ndugu yake kwa rangi ya baiskeli.

WANYAMA WAANZA KUTEMBEA

Mnamo Februari 2010, CBeebies, kituo cha watoto cha shirika la BBC la Uingereza, kilianza kuonyesha kipindi cha katuni kilichoitwa Tinga Tinga Tales. Kilikuwa na sehemu 52, kila moja ya dakika 11. Muasisi wake alikuwa Claudia Lloyd wa kampuni ya Tiger Aspect ya Uingereza, na michoro ilihuishwa jijini Nairobi katika studio ya Homeboyz na vijana wa Afrika Mashariki. Muziki ulitungwa na Mkenya Eric Wainaina. Hadithi zenyewe zilikuwa za aina ile ambayo watoto wa Tunduru walisimuliwa kando ya moto: kwa nini tembo ana mkonga, kwa nini nyoka hana miguu.

Huenda msomaji akajiuliza ni kwa nini watengenezaji waliuchagua mtindo huu badala ya mwingine wowote barani. Uzuri wa rangi ni sababu mojawapo, lakini ipo nyingine ya kiufundi, nayo ndiyo yenye faida kubwa kwa anayejifunza uhuishaji.

Picha ya sinema huonekana ikisonga kwa sababu jicho huonyeshwa picha 24 zisizosonga katika kila sekunde moja. Kwa hesabu hiyo, kipindi cha dakika 11 huwa na picha 15,840. Wachoraji wa zamani walilazimika kuchora maelfu ya karatasi kwa mkono. Ili kupunguza kazi, walibuni njia ya kumkata mnyama vipande, kichwa peke yake, mguu peke yake, mkia peke yake, na kuviunganisha kwenye viungo mithili ya bawaba za mlango. Badala ya kumchora upya, humsogeza. Programu za tarakilishi zimeichukua njia hiyo na kuirahisisha: fundi humpanga mnyama mahali anapoanzia na mahali anapoishia, na tarakilishi hujaza hatua za katikati.

Njia hii humshinda mnyama aliyechorwa kwa vivuli vya jua. Mguu ukiinuka, kivuli hubadilika, na kipande kile kile hakifai tena. Aidha, mnyama mwenye manyoya yaliyochorwa moja moja, akichorwa upya kila picha, manyoya hayo hutetemeka kwenye kioo kana kwamba yana homa. Chui wa Tingatinga hana tatizo hilo. Rangi ya mwili wake ni tambarare, mipaka yake iko wazi, usuli wake ni mtupu, na madoa yake yamebandikwa mwilini, hivi kwamba mguu ukienda nayo huenda nao. Anakatika vipande bila kuharibika.

Kwa maneno mengine, umaskini wa vifaa uliomlazimu mtu wa Msasani kuacha vivuli na mandhari ya mbali ndio uliomfanya mnyama wake awe tayari kwa chombo ambacho hakikuwa kimewafikia watu wa kawaida. Tingatinga hakulijua hilo wala hakulikusudia. Alitafuta tu njia ya kumaliza picha kwa rangi aliyoimudu.

MALI YA NANI

Kuna upande wa pili wa habari hii usiostahili kufichwa. Sheria za hakimiliki, nchini Tanzania na kwetu Kenya, huulinda mchoro. Haziulindi mtindo. Aliyemchora tembo fulani anaweza kumzuia mwenzake asimnakili tembo huyo, lakini hawezi kumzuia mtu yeyote duniani asichore tembo mwingine mwenye madoa juu ya usuli wa rangi moja. Hivyo basi, mtindo wa Tingatinga uko wazi kwa kila mwenye brashi, na kwa kila mwenye tarakilishi pia. Isitoshe, sheria ya Tanzania ya mwaka 1999 iliweka ulinzi wa michoro yenyewe kuwa miaka 50 baada ya kifo cha mwenyewe, na kwa Tingatinga hesabu hiyo ilitimia mwaka 2022.

Wapo wanaoliona jambo hili kuwa dhuluma kwa ukoo wake, na hoja yao ina uzito. Mtu alibuni, akafa mikononi mwa dola bila hatia, na jina lake likaenda kupamba bidhaa za watu ambao hawakumjua. Wapo pia wanaokumbusha kwamba ni yeye mwenyewe aliyeifungua mikono na kuwafundisha wenzake, na kwamba lau angeificha siri ya kazi yake, mtindo ungezikwa naye mwaka ule ule. Pande zote mbili zina ukweli. Mwandishi wa makala haya anaona kwamba ukarimu wa Tingatinga haukuwa kosa. Kasoro ilikuwa ukosefu wa kumbukumbu. Kufundisha na kuweka rekodi ni mambo mawili yanayoweza kwenda pamoja, na yeye mauti yalimkuta akiwa na moja tu.

SOMO KWA LOPUR

Turudi sasa Turkana. Eneo hilo si geni kwa michoro. Huko Namoratunga, karibu na Lokori, yako mawe ya makaburi ya kale yaliyochongwa alama zinazofanana na zile ambazo Waturkana huwachoma nazo mifugo wao ili kuwatambua. Kule Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1992 imewakutanisha watu wa mataifa mengi, kila mmoja na hadithi zake, na shirika la FilmAid lilianza kuonyesha filamu humo mwaka 2001, kisha likawafunza vijana jinsi ya kutengeneza zao. Hadithi zipo, alama zipo, na hadhira ipo.

Anayejifunza uhuishaji jioni katika mazingira kama hayo hana sababu ya kungoja mashine yenye nguvu kama ya studio za Marekani. Tarakilishi dhaifu hushindwa kubeba mandhari nzito yenye nywele, maji na mwanga wa kila namna, lakini huweza kumbeba ngamia mmoja mwenye mipaka wazi juu ya usuli wa rangi ya mchanga. Hata simu huweza. Mwanafunzi akimkata ngamia huyo vipande, akaunganisha shingo na miguu, akamtembeza hatua nne tu bila kuyumba, atakuwa amejifunza jambo ambalo vitabu vingi hulieleza kwa kurasa nyingi. Kesho yake aongeze hatua nyingine. Haba na haba ndiyo iliyojaza kibaba cha Msasani.

Afundishe pia. Mwenzake mmoja akiketi kando yake na kujifunza, watakuwa wawili wa kusahihishana, na siku moja akikosekana kazi haitakufa. Lakini kabla ya kuifunga tarakilishi, aandike tarehe, aandike jina lake, ahifadhi nakala ya kazi yake mahali pawili, na inapowezekana aisajili kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Mambo hayo hayachukui muda mrefu, wala hayahitaji shahada.

Tingatinga alipata miaka minne pekee. Hakuwa na wa kumweleza kuwa alichokuwa akikifanya baada ya kazi za Muhimbili kingekuja kuwalisha watu asiowafahamu, wala kwamba ndege na chui wake wangekuja kutembea wenyewe. Alirudi nyumbani, akafungua mkebe wa rangi, akaketi, akachora. Yeyote anayefungua tarakilishi yake leo jioni, iwe Lodwar, Kakuma au Lopur, anaianza kazi hiyo akiwa na vifaa vingi kuliko alivyokuwa navyo yeye.